Namna ya Kununua RAM Bila Kudanganywa na Mtu, Ukiwemo Wewe Mwenyewe

Tangaza tu kwenye familia kwamba unaunda kompyuta yako mwenyewe, utaona. Kila mtu atakupa namba. Mpwa wako anayecheza gemu atasema GB 32, chini ya hapo ni aibu. Jirani anayechapa barua za ukoo atasema GB 4 zinatosha, watu wanapenda kujionesha tu. Muuza duka atakutajia 64, kwa kuwa ndizo zilizobaki kabatini. Katika wote hao hutapata hata mmoja wa kukuuliza kompyuta yenyewe ni ya kazi gani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mwongozo huu ni ya adabu: washukuru, wanyweshe chai, kisha usinunue chochote mpaka umepima.

Kupima ni bure. Chukua kompyuta unayoitumia sasa, hata kama ni kuukuu, au omba ya ofisini kwa saa moja, halafu uiigizie siku yako mbaya kuliko zote. Fungua kivinjari pamoja na vichupo vyote unavyojiahidi kuvisoma kesho. Fungua WhatsApp, Excel yenye hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, PDF ya kurasa mia nne, muziki, na ule mkutano wa Zoom unaouhudhuria huku ukifanya mambo mengine. Usijipendelee. Anayepima kwa kufungua ukurasa mmoja mtupu ni sawa na aliyepanda mizani huku ameegemea ukuta.

Vyote vikiwa wazi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda Performance, kisha Memory. Macho yako yatakimbilia asilimia. Yaite yarudi. Tafuta mahali palipoandikwa Committed, penye namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju. Ya kwanza ni jumla ya kumbukumbu ambayo programu zako zimeomba na kuahidiwa. Ya pili ni kikomo, yaani RAM yako ukijumlisha na sehemu ya diski iliyotengwa kuisaidia. Ile ya kwanza ndiyo namba yako. Kwa kawaida huwa juu kidogo ya mahitaji halisi, maana programu huomba zaidi ya zinavyotumia, kwa hiyo ukinunua RAM inayoizidi hata kidogo uko salama. Kwenye Linux andika free -h, na usome safu ya available, yaani kumbukumbu iliyobaki kwa programu; ukiitoa kwenye total unapata namba yako. Ile ya free imewatia watu wengi hofu bila sababu.

Hofu hiyo nataka tuizungumze. Mifumo ya leo haipendi RAM ikae bure. Nafasi isiyo na kazi hujazwa nakala za mafaili uliyoyagusa karibuni ili ukiyahitaji tena yafunguke upesi, na programu ikidai nafasi hiyo, nakala hizo hutupwa papo hapo. Ndiyo maana mashine ya GB 32 iliyotulia tu hutumia kumbukumbu nyingi kuliko ya GB 8 iliyotulia vilevile. Haiumwi. Na ukikutana na programu inayojinadi kwamba inasafisha RAM, ing'oe leo: inachofanya ni kutupa vitu ambavyo mfumo utalazimika kuvisoma upya dakika moja baadaye.

Ugonjwa wa kweli unaujua, hata kama hukuwahi kuuita kwa jina. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye diski. RAM hujibu ndani ya muda unaokadiriwa kuwa nanosekunde 100 hivi. Hadidiski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kadhaa. Tofauti hiyo ni ya mara makumi elfu. Kumbuka taa ya diski inayowaka bila kupepesa, kipanya kinachojivuta, na herufi zinazotokea baada ya wewe kumaliza sentensi. SSD hupunguza maumivu hayo bila kuyaondoa.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe. GB 4 ndicho kiwango cha chini ambacho Microsoft inakitaka ili Windows 11 ikubali kuwekwa. Kukubali kuwekwa na kutumika kwa raha ni mambo mawili, kwa hiyo usiunde kompyuta mpya kwa GB 4. GB 8 ni za mtu mwenye nidhamu: anaandika, anasoma, anahudhuria mkutano mmoja, na anafunga kichupo kabla ya kufungua kingine. Kama wewe ni mtu huyo kweli, hongera, na pesa yako baki nayo. GB 16 ndizo ninazowashauri watu wengi sana, na nina sababu. Gemu la mpira la EA Sports FC 25, kwa mfano, hutaka GB 8 ili liwake na hupendekeza 12. Ukiliacha wazi pamoja na kivinjari na simu ya sauti na rafiki, 16 zinabeba vyote bila kulalamika. GB 32 ni za kazi zenye majina: kuhariri video za 4K, kuandika programu za simu ukiwa umewasha Android Studio na simu yake ya kuigiza, kuendesha mfumo mwingine ndani ya mfumo wako. Waliotengeneza DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, wenyewe wanataka angalau 16 kwenye Windows, na 32 ukitumia sehemu yake ya Fusion. Na 64? Anayezihitaji huwa amekwisha kuona Committed yake imepita 40, kwa hiyo hana haja ya kusoma mwongozo.

Katika hatua hii mzee mmoja wa kompyuta atakukumbusha kwamba IBM PC ya mwaka 1981 iliuzwa kuanzia KB 16, na kwamba kompyuta ya vyombo vya Apollo ilikuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu inayofutika, ambayo ni karibu KB 4, na watu wakafika mwezini. Ni kweli kabisa, na usikubali kulaumiwa kwa hilo. Kompyuta ya Apollo haikufungua ukurasa wa benki wenye picha, matangazo na ulinzi wa nywila. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na uamuzi wa makusudi wa kutenganisha vichupo katika michakato mbalimbali, ili kimoja kikianguka visianguke vyote, na ili kupunguza madhara ya tovuti mbaya. Usalama huo hulipiwa kwa RAM, na mimi naona bei yake ni halali.

Bei ya dukani ni habari nyingine. Mwishoni mwa 2025 RAM ilipanda bei kwa kasi duniani kote. Chipu zake nyingi hutoka kwa kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na hizo zimeelekeza sehemu kubwa ya viwanda kwenye kumbukumbu za seva za akili unde. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, jina ambalo waundaji wa nyumbani walilizoea kwa miaka mingi. Kwa hiyo kila GB unayoinunua bila kuihitaji inauma kuliko zamani. Hapa ndipo moyo wangu unapochemka: kijana anakusanya pesa mwaka mzima, anajaza RAM GB 64 ili aonekane, halafu Windows anaiweka kwenye hadidiski ya kuzunguka na umeme anaupitisha kwenye pawa saplai isiyo na jina. Kompyuta hiyo itawaka polepole kila asubuhi, na siku umeme ukicheza inaweza kufa yote. Chukua 16, kisha tofauti inayobaki iwe SSD na pawa saplai ya kuaminika.

Ukishapata namba, igawe mara mbili. GB 16 zinunuliwe kama vipande viwili vya 8, kwa sababu prosesa za kawaida za nyumbani huongea na RAM kupitia njia mbili, na kipande kimoja huiacha njia moja bila kazi. Kama hununui kadi ya picha na unategemea prosesa yenye picha ndani yake, Ryzen 5 5600G kwa mfano, hapo hakuna mjadala: picha hizo hazina kumbukumbu yao, zinakula RAM yako, na kwa kipande kimoja gemu litachechemea. Kwenye bodi yenye nafasi nne, vipande viwili kwa kawaida hukaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kijitabu cha bodi mama kitakuambia A2 na B2. Kisome, ni ukurasa mmoja.

Je, uache nafasi mbili tupu za kuongeza baadaye? Kwa RAM ya kizazi cha DDR4, ndiyo, acha bila wasiwasi. Kwa DDR5, fikiri mara mbili. AMD inaeleza kwamba Ryzen za mfululizo wa 7000 hubeba vipande viwili kwa kasi ya 5200, lakini ukiweka vinne, kasi rasmi hushuka hadi 3600. Mwenye DDR5 anunue vipande viwili vinavyotosha tangu mwanzo.

Nenda dukani sasa, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, na usome kibandiko kabla ya kutoa pesa. Hakikisha kwanza kizazi: DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo la katikati limehamishwa, na hakuna nguvu ya kidole itakayoingiza moja kwenye bodi ya nyingine. Kisha tazama herufi. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Bosi wangu, chukua hii ya GB 16, kwa ajili yako nashusha bei."

"Naomba nione kibandiko, kaka."

"Kibandiko cha nini tena? RAM ni RAM."

"Imeandikwa PC4-2400T, halafu R. Hii ya seva, kaka. Una yenye U?"

Hapo atakutazama upya, kisha atamtuma kijana duka la jirani. R ni alama ya RAM yenye rejista, iliyotolewa kwenye seva zilizostaafu. Ya DDR4 huingia vizuri kabisa kwenye bodi ya kawaida ya nyumbani, vibanio vikafunga, halafu kioo kikabaki cheusi. U ndiyo ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptopu na umbo lake ni fupi. Bei nzuri kupita kiasi mara nyingi imejificha kwenye herufi hiyo moja.

Nyumbani, zima umeme ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke, kamata kipande kwa kingo, usiguse meno yake ya rangi ya dhahabu. Linganisha pengo, kandamiza ncha zote mbili mpaka usikie tak. Utahisi unaivunja bodi. Kandamiza tu, ilimradi pengo limelingana. Kompyuta ikiwaka, ingia BIOS uwashe mpangilio wa kasi ya RAM uitwao XMP, au EXPO kwa bodi nyingi za AMD zenye DDR5. Usipofanya hivyo, RAM ya DDR4 uliyoilipia kasi ya 3200 inaweza kukimbia kwa 2133 au 2400 miaka yote, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia.

Usiku huohuo, kabla hujapakia kazi yoyote ya maana, weka MemTest86 kwenye flashi na uiache ifanye kazi mpaka asubuhi. Matokeo yanayokubalika ni makosa sifuri. Likitokea hata moja, zima XMP ujaribu tena. Likirudi, toa vipande vyote, pima kimojakimoja katika nafasi ileile mpaka umjue mwenye kosa, piga picha ya kioo, na uende dukani na risiti mkononi muda wa waranti ukiwa bado haujaisha.