Burudani ya Mkwe

Tumpongeze shemeji yetu wa Marekani. Amekuja likizo Gitega, Burundi, na sasa anataka kumwonjesha mkwewe wa Muyinga raha ya kulenga shabaha kwa bunduki. Mzee ana kipaji. Tangu vita vilipoanza Oktoba 1993 alijizoeza miaka mingi, bila mwalimu wala kiingilio: kulala kifudifudi, kubana pumzi, kutambua kwa sikio risasi inatoka kilima gani. Mbio nazo anaziweza. Mpaka wa Kobero, wa kuvukia Tanzania, hauko mbali. Alichokosa ni vya kuzibia masikio, na shemeji ameleta, vya rangi. Serikali ilikurupuka tu, 2009, kuwahimiza raia warudishe silaha; bora ingewauzia tiketi. Mzee ameuliza jambo moja: hiyo shabaha ya karatasi, ikipigwa, watoto wake hulelewa na nani?