Wati 10,000 za Kona ya Musa

Majirani wa Kona ya Musa, hongereni. Sabufa zenu zimeandikwa wati 10,000 kwa herufi za dhahabu, ilhali plagi ya ukutani, ya ampea 13 kwa volti 240, imekusudiwa kubeba wati 3,120 tu. Hizo nyingine labda zinavuliwa Diani usiku.

Fungua kisanduku uone. Mbao ni unga uliogandishwa kwa gundi, umeshavimba kwa unyevu wa pwani. Ndani mna transfoma ya kutoshea kiganjani na risasi iliyodondoshwa kwa haraka. Lakini baba mwenye nyumba haendi kwa fundi, ng'o! Anapasha msumari kwenye jiko la makaa, analehemu, anazungusha selotepu. Skrubu tatu zikimbaki mkononi, anasema kiwandani walizidisha. Sabufa ikinguruma “mmmm” bila wimbo, anatangaza besi imerudi. Besi gani? Huo ni mvumo wa stima, unaopenya kapasita zilizochoka, na mtaa mzima tunausikiliza hadi alfajiri.

Shemeji, tengeneza upendavyo. Ila kabla hujatia kidole humo, chomoa plagi na usubiri: kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima.