Sijagusa Kitu

Kompyuta yangu ilizima kwa mara ya kwanza Jumapili, saa moja na dakika kumi jioni, wakati namwonyesha jirani inavyokwenda kasi. Haikuaga. Skrini ilikuwa na picha, mara ikageuka kioo, na ndani ya kile kioo nikamwona jirani amesimama nyuma yangu, anajikaza asicheke.

"Labda umeme," akasema kwa huruma.

Taa ilikuwa inawaka. Feni ya dari inazunguka. Friji inanguruma kama kawaida yake. Umeme ulikuwepo kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Lililoniuma zaidi ni kwamba mashine yenyewe niliiunga kwa mikono yangu. Wiki mbili nzima nilikuwa napanda na kushuka ngazi za maduka ya Kariakoo na karatasi ya mahitaji mfukoni, kama mtu anayenunua vitu vya mahari. Prosesa mpya. Madabodi mpya. Vipande viwili vya RAM, gigabaiti 8 kila kimoja: kimoja ndani ya plastiki yake ya kiwandani, kingine kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Hicho cha pili muuzaji alikiapia. "Mtumba safi wa Dubai, bosi wangu. Hiki hakijachoka." Kesi ilikuja na pawa saplai yake ndani, ubavuni imeandikwa wati 500, ingawa ukiipima mkononi ilikuwa nyepesi kama kopo la maziwa lililokwisha. Uzito ule ulinipa wasiwasi kidogo, lakini bei ilinifariji. Risiti zote zilikuwa na muhuri mmoja: mali ikiuzwa hairudishwi.

Kuiunga kulichukua Jumamosi nzima juu ya meza ya chakula, familia ikila wali chini kwenye mkeka. Ilipowaka mara ya kwanza nilipiga kelele hadi mama mkwe akatoka chumbani na kanga moja, akidhani kuna moto.

Baada ya ile aibu ya Jumapili nilimpigia simu fundi mmoja tunayeheshimiana naye. Akauliza swali ambalo mafundi wote huuliza kwanza, na ambalo wateja wote hulijibu hivyo hivyo.

"Uligusa nini?"

"Sijagusa kitu."

Akanyamaza kidogo. "Basi piga windo upya."

Nikapiga windo upya, yaani nikaiwekea Windows tena kuanzia mwanzo. Kazi ya usiku mzima, maana intaneti ya kwetu hushusha mafaili kwa mwendo wa mzee anayerudi msibani. Jumatatu asubuhi mashine ikawa safi. Jumatatu jioni, saa moja na robo, ikazima. Nikapiga windo mara ya pili. Jumanne saa nne asubuhi haikuzima: iligeuka bluu, ikaniwekea kile kisura cha huzuni, macho mawili na mdomo ulioinama, na chini yake maneno IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Niliyasoma mara tatu, kama mgonjwa anayesoma karatasi ya dawa iliyoandikwa Kituruki. Halafu nikapiga windo mara ya tatu, kwa sababu ndiyo dawa niliyokuwa nayo.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama mkwe alisema ni jicho, na lazima nikiri ushahidi ulikuwa upande wake, kwani mashine ilianguka mbele ya jirani, tena akiisifia. Mke wangu alisema ni joto, akaielekezea feni ya mezani iliyokuwa ya mtoto mdogo. Mtoto akalia, mashine ikazima vilevile. Mimi mwenyewe nilibadilisha kila nilichoweza kukifikia: kebo ya skrini, kipanya, hata mkao wa meza. Usiku mmoja nilibadilisha vitu vinne kwa mpigo, ikatulia saa ishirini, nikaanza kujiita injinia. Ilipozima tena sikujua hata ni kipi kati ya vile vinne nikirudishe.

Aliyeniokoa ni binti yangu wa darasa la sita, ambaye shuleni kwao walikuwa wanafundishwa kuandika majaribio ya sayansi. Alichukua daftari la kurasa 48, akachora mistari kwa rula: tarehe, saa, imezimaje, baba alikuwa anafanya nini, nani mwingine yupo na anafanya nini. Kwenye jalada akaandika MGONJWA. Alinikataza kugusa vitu viwili kwa siku moja. Nilipokea amri hiyo nikiwa nimesimama.

Siku ya kwanza ya daftari tulifungua kesi tukamkuta sisimizi amebeba punje ya andazi juu ya madabodi, anatembea bila haraka kama mwenye nyumba. Nikafurahi sana. Nikamsimulia binti yangu kwamba mwaka 1947, Marekani, waendeshaji wa kompyuta iliyoitwa Harvard Mark II, dude la kujaza chumba, walimkuta nondo amenasa kwenye rilei yake moja. Nondo huyo walimbandika kwenye daftari lao la kazi wakaandika kwamba mdudu amepatikana, na ukurasa ule upo hadi leo katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Binti yangu akamtazama sisimizi, akaleta gundi ya karatasi. Sisimizi wetu yupo ukurasa wa kwanza, na punje yake. Kompyuta ilizima jioni ileile. Marehemu hakuwa na hatia.

Ijumaa binti yangu alikuja na daftari, akaliweka mbele yangu bila neno, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Saa moja na dakika tano: mama anapiga pasi. Kidole kikapanda juu. Saa moja na ishirini: mama anapiga pasi. Saa moja kasorobo: mama anapiga pasi.

Tuliitana wote sebuleni. Nyumba yetu ya kupanga ina soketi moja ya maana pale sebuleni, na humo imechomekwa ekstensheni moja nyeupe inayolisha friji, televisheni, king'amuzi, chaja za simu, pasi, na sasa kompyuta. Mke wangu akachomeka pasi, akaiweka kwenye alama ya pamba. Kataa kekundu kakawaka. Kompyuta ikatulia. Pasi ilipopata moto, kataa kakazimika. Tukasubiri. Sijawahi kuiona familia yangu imekaa kimya namna ile mbele ya kitu ambacho si mechi. Pasi ikapoa kidogo, ndani yake pakalia *tik*, kataa kakawaka tena, na skrini ikawa kioo.

"Kumbe mimi ndiye ninayekuzimia," akasema mke wangu, na sikuipenda ile sauti, kwa sababu ilikuwa na furaha ndani yake.

Pasi ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 hunywa karibu ampea tisa. Nilipoifungua ile ekstensheni, nyaya zake zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea magunia, na plastiki ya tundu la pasi imeshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kila pasi ikidai moto, volti zinaporomoka kwa kila aliyechomekwa hapo. Friji haijali, inanguruma tu kwa sauti ya chini. Pawa saplai nzuri ina kapasita za kutosha, vile vikopo vinavyoweka akiba ya umeme, na huvuka mtikisiko wa namna hiyo bila mtu kujua. Yangu, ile nyepesi kama kopo, haikuwa na akiba ya kuvukia hata kope ikipepesa.

Nikamwita fundi umeme, akanipigia soketi ya pekee kwa ajili ya kompyuta. Nikanunua pawa saplai nyingine, nzito, ya kubebwa kwa mikono miwili. Jumapili mke wangu akapiga pasi sare za wiki nzima, kataa kakawaka na kuzimika mara kumi, kompyuta ikakaa. Tukala kuku.

Jumatatu saa tano asubuhi, pasi ikiwa baridi kabatini, skrini ikawa bluu.

Nilirudi kwenye daftari nikiwa na hasira, na ndipo nikaona ujinga wangu. Nani kati yetu hajawahi kwenda zahanati na homa, akapimwa, akaambiwa ana malaria na taifodi kwa pamoja? Huwa tunacheka, tunasema wanataka kuuza dawa. Sasa mgonjwa wangu alikuwa nayo kweli maradhi mawili, na mimi nilikuwa nimeyapa jina moja: "inazima." Binti yangu ndiye aliyekuwa ameyatenga tangu mwanzo kwenye safu ya "imezimaje". Kuzima kwa giza, bila kuaga, kulikuwa kwa jioni na pasi. Kuzima kwa bluu kulikuja saa yoyote, na angalau kulipata nafasi ya kuomba radhi.

Fundi akaniambia niweke MemTest86 kwenye flashi niiache ichunguze RAM usiku kucha. Ile programu haina urembo wowote. Inaandika kwenye kila chumba cha kumbukumbu, inasoma, inalinganisha, na isipokuta ilichoandika inatoa mstari mwekundu. Saa kumi alfajiri nilikwenda msalani nikapita kuchungulia. Skrini ilikuwa kama karatasi ya hisabati yangu ya kidato cha pili.

Nikatoa vipande vyote viwili. Nikasugua meno yao ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa binti yangu, taratibu, hadi ufutio ukawa na mistari myeusi na meno yakang'aa; nikapuliza vumbi, nikakandamiza hadi vishikizo viwili vikalia *ka, ka*. Nikajaribu kimoja kimoja. Kile kipya kilimaliza mizunguko minne bila kosa. Cha Dubai kilitoa wekundu kabla chai haijachemka.

"Spidi yake umeiweka ngapi?" akauliza fundi.

"3200. Si ndivyo imeandikwa kwenye kibandiko?"

"Imejiweka yenyewe?"

Hapo nikakumbuka. Jumapili ile asubuhi, kabla jirani hajaja, nilikuwa nimetazama video ya kijana mmoja anayesema kwamba RAM huanza kwa mwendo wa chini, kwa usalama, na kwamba asiyeingia kwenye mipangilio ya madabodi kuwasha mwendo kamili ameliwa hela zake. Nikaingia. Nikawasha. Nikatoka nikiwa nimeridhika sana, nikaenda kumwita jirani.

"Kaka," akasema fundi, "si ulisema hujagusa kitu?"

Nikashusha mwendo hadi 2666. Vipande hivi vikifungwa pamoja hutembea kwa hatua ya aliyechoka, kwa hiyo kile kipya nacho kikalazimika kumsubiri mwenzake. Tukapima tena usiku mzima: mizunguko minne, hakuna hata mstari mmoja mwekundu. Binti yangu akaandika "amepona" na tarehe, akapiga mstari chini kwa rula, akadai ufutio mpya.

Hii ni wiki ya sita haijazima. Jirani amekuja mara mbili, ameisifia sana, mama mkwe akimtazama mdomoni. Ila kila jioni ikifika saa moja, harufu ya pasi inayopata moto ikinifikia kutoka chumba cha pili, mkono wangu wa kushoto unakwenda wenyewe kwenye Ctrl na S.