Safu ya Ushauri: Mpangaji Asiyetoka

Mwenye duka la uchapaji wa Nasser Road, Kampala, analalamika kwamba flashi ya mteja haitoki katika kompyuta yake ya Linux: kila akiandika umount, amri inayopachua mfumo wa mafaili uliokuwa umepachikwa kwenye saraka, anajibiwa kuwa mahali hapo pana shughuli, na mteja, ambaye bodaboda anamngoja nje, ameshanyoosha mkono aichomoe. Mkono huo uzuiwe kwanza, kwa kuwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huyahifadhi maandishi mapya katika kumbukumbu ya muda kabla ya kuyashusha kwenye flashi, na mteja anaweza kuondoka na nusu ya kadi zake za harusi. Kisha iandikwe fuser -vm pamoja na jina la saraka, ili michakato, yaani programu zilizo kazini, ijitokeze kwa namba zake na herufi zinazoeleza kila mmoja unashikilia nini: f ni faili lililofunguliwa, c ni saraka ambamo mchakato umesimama. Aghalabu mwenye c ni bash, dirisha lilelile analoandikia mlalamikaji, ambaye aliingia humo kwa cd akasahau kutoka, na sasa anawafukuza wageni hali yeye ndiye aliyekalia mkeka. Aandike cd / na ugomvi utakwisha.

Mwanafunzi wa Wandegeya, mwenye hasira zaidi, anauliza kama haifai kuwaua wote kwa fuser -km. Yafaa, ila -k isipoelekezwa vingine hutuma ishara namba 9, SIGKILL, ambayo mchakato hauwezi kuikataa wala kupata nafasi ya kuhifadhi kazi. Ikiongezwa -TERM hupiga hodi kwanza, na -i humuuliza mwuaji juu ya kila roho. (fuser yenyewe, ifahamike, haijiui kamwe.) Balaa liko kwingine: saraka hiyo ikiwa haijapachikwa kitu, -m hushika mfumo wa mafaili unaoibeba, mara nyingi ule wa mzizi, na mashine nzima huzimika kwa sababu ya flashi ambayo haikuwapo. Ndiyo maana -M iliwekwa, ikatae kazi mahali pasipopachikwa kitu.

Wa tatu anasifu umount -l. Amri hiyo huuondoa mfumo wa mafaili machoni papo hapo, lakini kupachua kwenyewe hungoja mpaka mtumiaji wa mwisho aachie, na taa ya flashi huenda ikawa bado inametameta.