Hisa za Mzee

Nyumbani kwetu Keumbu, ugomvi mrefu kuliko yote haukutokana na mpaka wa shamba. Ulitokana na hisa za Safaricom. Ulianza Mzee akiwa hai na ukaendelea miaka mingi baada ya kuzikwa. Nausimulia kwa sababu najua maboma mengi ya Kisii na Nyamira yenye karatasi kama zetu, na mengine yameshasahau kwamba yanazo.

Ilikuwa Machi 2008. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye ghasia za uchaguzi, na serikali ikatangaza kuuza robo ya Safaricom kwa umma: hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja. Mtu hakuweza kuomba chini ya hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Kaka yetu mkubwa alishuka kutoka Nairobi na fomu mkobani.

"Mzee," alisema, "siku zikifunguliwa sokoni zitapanda mara mbili. Tunauza, tunalipa mkopo, tunabaki na faida."

Mama alikuwa akichambua mboga ya chinsaga mlangoni. Akauliza swali moja: "Tukinunua shamba la chai, kwanza tunauliza linatoa kilo ngapi. Hilo mnalonunua linatoa nini?"

Kaka akajibu kwamba hayo ni mambo ya teknolojia, hayapimwi kama chai. Lakini jibu la swali la Mama lilikuwepo, limeandikwa. Katika mwaka ulioishia Machi 2007 kampuni ilipata faida ya karibu shilingi bilioni 12 baada ya kodi. Hisa zake zote ni takriban bilioni 40. Ukigawanya, kila hisa ilikuwa imezaa senti 30. Anayelipa shilingi 5 kwa kitu kinachozaa senti 30 kwa mwaka anangoja zaidi ya miaka 16 kurudisha pesa yake, isipokuwa faida ikue. Kwa hiyo swali la kweli usiku ule lilikuwa moja tu: faida hii itakua, na itakuzwa na nini? Hakuna aliyeliuliza. Mtamba ukauzwa, bonasi ya chai iliyosalia ikatolewa, kaka akakopa shilingi 30,000 benki, na kwa jina la Mzee tukaomba hisa 10,000 kwa shilingi 50,000.

Kenya nzima ilikuwa imefanya vivyo hivyo. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano, na mwombaji mdogo akapewa karibu moja ya tano ya alichoomba. Sisi tulipata 2,100. Shilingi 39,500 zilipaswa kurudi, lakini zilichelewa kwa wakala wetu wa hisa, huku benki ikikata riba ya mkopo mzima kwenye mshahara wa kaka kila mwisho wa mwezi. Mzee alipanda matatu kwenda Kisii mjini mara nyingi kuziulizia, akirudi jioni bila neno. Zilipopatikana, faida iliyokuwa imepigiwa hesabu kwenye meza yetu ilikuwa imeliwa na riba.

Soko nalo halikungoja. Hisa zilianza kuuzwa tarehe 9 Juni 2008, siku ya kwanza zikapita shilingi 7, kisha zikateremka. Mwanzoni mwa 2009, dunia ikiwa kwenye msukosuko wa fedha, bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Kaka alitaka tuuze tuokoe kilichobaki. Mzee akakataa, wakarushiana maneno mazito, na Desemba ile kaka hakuja nyumbani. Gawio la mwaka huo lilikuwa senti 10 kwa hisa: shilingi 210 kwa boma zima, kabla ya kodi.

Mama ndiye aliyeshika msimamo uliokuwa na sababu. Alikuwa haoni soko la hisa, lakini alikuwa anaona soko la Keumbu. M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, ilikuwa imeanza Machi 2007, na siku za soko foleni kwa wakala ilikuwa ndefu kuliko ya duka lolote. Wauza ndizi walikuwa wakilipwa na wanunuzi wa Nairobi bila kuonana. "Hawa wote wanatoa kitu kidogo kila wakituma," alimwambia Mzee. "Acha hizo karatasi zikae." Hiyo ndiyo kazi ya mwanzo ya kuchunguza kampuni ya teknolojia: kujua ni nani anayelipa, analipia nini, na kama kesho ataweza kuhamia kwingine kwa urahisi.

Kuhama huko si jambo la kubuni. Mwalimu jirani yetu alikuwa na hisa za AccessKenya, kampuni ya intaneti iliyoingia sokoni mwaka 2007 kwa shilingi 10. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, bei ya intaneti ikaporomoka, washindani wakaongezeka, na hisa ikashuka mno. Mwaka 2013 Dimension Data ya Afrika Kusini iliinunua kampuni nzima kwa shilingi 14 kwa hisa, ikatoka sokoni. Teknolojia ile ile iliyowanufaisha wateja iliwabana wenye hisa.

Mzee alifariki mwaka 2014. Hapo ndipo mkasa wetu ulipokomaa. Namba ya akaunti ya CDS, ile inayohifadhi hisa, aliijua yeye peke yake. Sanduku la posta lilikuwa limefungwa kwa ada isiyolipwa, simu yake ilikuwa imezimwa. Magawio yaliendelea kutangazwa, senti zikawa shilingi, lakini hayakuwa na mahali pa kufikia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gawio lisilochukuliwa kwa miaka kadhaa hupelekwa UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza fedha zisizodaiwa. Huko ndiko tulikolikuta letu, lakini ili kulidai tulihitaji barua ya chifu, kibali cha mirathi kutoka mahakamani Kisii na sahihi za ndugu wote. Sahihi hizo ndizo zilizokosekana, maana kila mmoja alikuwa na mgawanyo wake kichwani.

Agosti 2021 bei ya Safaricom ilipita shilingi 40. Hisa za Mzee zilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 84,000, na kaka akasema tuuze. Safari hii alikuwa na hoja. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa kama shilingi 1.70 kwa hisa. Kwa bei ile, mnunuzi alikuwa analipia faida ya zaidi ya miaka 23. Kampuni nzuri inaweza kuuzwa kwa bei mbaya. Isitoshe, ilikuwa inaingia Ethiopia, na mtandao mpya hula fedha miaka mingi kabla ya kurudisha. Lakini mirathi ilikuwa haijakamilika, hatukuweza kuuza hata moja. Wawekezaji wa kigeni walipotoa mitaji yao na riba ya hatifungani za serikali ikapanda, bei ikashuka. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya shilingi 15.

Hatimaye tulitia sahihi, tukiwa tumeketi na Mama uani. Hisa zimegawanywa, gawio linaingia kwenye simu, na kila mwaka tunasoma taarifa ya hesabu pamoja: mapato ya M-Pesa, deni, hasara au faida ya Ethiopia, na fedha inayobaki baada ya kujenga mitambo. Mpwa wetu sasa anataka kununua hisa za Marekani kupitia programu ya simu. Mama hajamkataza. Amemwambia akaangalie kwanza kama anayeuza ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kisha arudi na jibu la swali lile la 2008.

Nawe msomaji, kama kuna mtu nyumbani kwenu aliyenunua hisa mwaka ule, muulize leo, akiwa hai, namba ya akaunti ni ipi. Iandike, mwonyeshe na mwenzako. Na kabla ya kununua nyingine, gawanya faida kwa idadi ya hisa, jua mteja ni nani, na usikope pesa ya kununua hisa. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na yeyote aliyewahi kupima chai kituoni.