Wazee wa Umatengo Wagawa Ulaya

Tuseme mambo yangegeuka. Ni tarehe 1 Julai 1890, na wakubwa hawako Berlin, wako Umatengo. Kibuyu cha togwa kinazunguka. Mbele ya wazee kuna Ulaya, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitia machoni, na inabidi igawanywe kabla ya jua kuzama, maana kesho kuna ngoro za kulima.

“Huu mto Rhine,” anasema mmoja, “maji yote tumpe Mfaransa. Mjerumani abaki na mchanga.”

“Akitaka kuoga je, baba?”

“Aombe.”

Makofi. Wenzao wa Liuli wasije wakanuna, wanaongezewa London, nao wanaachia kisiwa kimoja cha mawe ambacho hawakuwa wakikitumia.

Mnacheka? Siku hiyohiyo, huko Berlin kweli, Mwingereza alimwachia Mjerumani kisiwa cha Heligoland naye akaachiwa Zanzibar, na mpaka wa Ziwa Nyasa ukapitishwa kwenye ukingo wa mashariki. Kwa hesabu hiyo, inayoshikiliwa na Malawi, mama anayesugua sufuria ufukweni Mbamba Bay visigino vyake viko Tanzania, vidole viko ng’ambo, na pasipoti hana. Usipa anaoanika amewavua ugenini.

Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Nchi zote mbili zilishajitawala, hii 1961 na ile 1964, lakini wakibishana, shahidi anayeitwa ni karatasi ya Berlin.