Wifi Yenu Inaumwa?

Butembo hakuna mtu mwenye adabu anayeomba kode ya wifi mlangoni. Jirani atakuja jioni, atabisha hodi, atauliza watoto, atauliza mvua, atauliza kama yule mgonjwa wa Lubero amepona au bado. Atapewa kiti. Atakataa chai, kisha atakunywa chai. Muda wote huo simu iko kiganjani, kioo kikitazama juu. Akishasimama kuaga, mkono mmoja umeshika mlango, ndipo jambo lenyewe linamtoka: "Ee, Papa, wifi yenu inaumwa? Tangu jana haitusalimu."

Kuuliza hivyo ni ustaarabu mkubwa, maana hakuna anayeshtakiwa. Mimi sijaitwa mchoyo, yeye hajaitwa mwizi. Mgonjwa ni modemu. Nami hujibu kwa heshima hiyo hiyo: "Inaumwa kidogo, jirani. Tunaitafutia dawa."

Modemu yenyewe ilinunuliwa katikati ya mji, kwenye duka moja la vitu vya Guangzhou. Imetembea kuliko mimi: meli hadi Mombasa, lori hadi Kampala, foleni ya Kasindi, ikapita Beni, ikatufikia na vumbi la nchi tatu. Kijana wa dukani aliiwasha, akabonyeza-bonyeza, akaweka kode ya herufi tano na kusema kazi imekwisha. Kode ilikuwa AMANI. Ukitaka kuficha kitu Kivu ya Kaskazini, usikifiche nyuma ya neno ambalo kila mtu analo mdomoni tangu kifungua kinywa, kwenye redio, kanisani na kwenye hotuba ya kila mkubwa anayeshuka kwenye ndege.

Basi mega za mwezi zikawa zinaisha kabla mwezi wenyewe haujafika katikati. Nyumbani hakuna mnywaji wa kutisha. Mama watoto anapokea sauti za maombi, watoto wanatazama katuni, mimi nasoma habari na kuzikasirikia. Lakini ukuta wetu wa upande wa barazani, ambako modemu imekaa juu ya kabati, ulikuwa umeota kuvu kijani kote isipokuwa sehemu moja ya juu, pana kama benchi, iliyosuguliwa na suruali hadi ikang'aa. Vijana wa avenyu walikuwa wanakaa pale kila jioni. Tangu utawala wa kijeshi uanze mkoani kwetu Mei 2021, watu hawapendi kuzurura mbali gizani, na ukuta wetu ulikuwa karibu na kwao wote. Ungewasikia wanacheka pamoja, kila mmoja na simu yake, video moja.

Sikuwahi kuwafukuza. Kwanza, walikuwa walinzi wa bure. Pili, nina kumbukumbu ya mwanzo wa 2019. Nchi nzima ilizimiwa intaneti kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, kwa karibu wiki tatu. Sisi wa Beni na Butembo uchaguzi huo tulikuwa tumeahirishiwa hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama, tuliambiwa, wakati rais angeapishwa Januari. Beni watu waliona hiyo ni dharau, wakajipangia vituo vyao, wakapiga foleni na kupiga kura zao wenyewe tarehe 30 Desemba. Kwa hiyo sisi tulikatiwa mawasiliano kwa ajili ya uchaguzi ambao hatukuhesabiwa. Na katikati ya janga hilo la taifa zima, jirani yangu alikuja, akanywa chai, akashika mlango: "Papa, umebadilisha kode?"

Aliyeleta mageuzi ni mtoto wa dada yangu, anayesoma informatika. Alikuja kula Jumapili, akafungua simu, akaacha uma. "Mujomba, hii wifi iko WEP!" Alisema hivyo kwa sauti ambayo watu huitumia kusema nyumba ina nyoka.

Akatueleza, fufu ikipoa. Wifi husafiri hewani, na kila aliye karibu anaweza kuidaka, kwa hiyo maneno yanasukwa kwa siri kabla hayajaruka. WEP ndiyo msuko wa kwanza, wa mwaka 1997, na mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha namna ya kuufumua kwa kusikiliza tu mazungumzo yakipita. Leo kompyuta ya kawaida inaufumua kwa dakika. Ikaja WPA mwaka 2003, ya haraka-haraka, ili vifaa vya zamani visitupwe. Mwaka uliofuata ikaja WPA2, yenye usimbaji wa AES, ndiyo ya kutegemea. Mwaka 2018 ikaja WPA3. Nikamuuliza kama hiyo WPA2 haijafumuliwa nayo. Akajikuna. Mwaka 2017, akasema, kuna Mbelgiji mmoja, Mathy Vanhoef, wa chuo kikuu cha Leuven, aliyepata upenyo, ikabidi vifaa dunia nzima virekebishwe. Mama mkwe, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akainua kichwa: "Mubelgiji? Amerudi kutafuta nini tena?" Nikamkumbusha kwamba Leuven ndiyo iliyozaa chuo cha Lovanium pale Kinshasa, mwaka 1954. Akasema ndiyo, hao wanajua kila upenyo.

Kubadilisha mipangilio hiyo si kazi. Unafungua kivinjari, unaandika 192.168.1.1, modemu inakuuliza jina na neno la siri, unaingia, unachagua, unahifadhi. Lakini ukifanya hivyo ukiwa kwenye wifi yenyewe, dakika unayobonyeza kuhifadhi modemu inakutupa nje pamoja na wengine wote, kisha unabaki hujui kama imekubali au imekataa. Anayejua kazi hutumia waya. Mtoto wa dada akauliza: ule waya wa njano uliokuja kwenye katoni uko wapi?

Kimya kikaingia mezani. Kila mtu aliujua uko wapi. Ulikuwa uani, kati ya mparachichi na nguzo ya choo, umebeba mashuka mawili, sare za shule na soksi.

Mama watoto alikubali kuanua nguo kwa sharti kwamba waya urudi kabla ya jua kuzama. Vichwa vyake viwili vya plastiki vilikuwa vizima kabisa. Alikuwa amevifunga kwenye mifuko ili visipate kutu. Kijana akapangusa, akachomeka, taa ya modemu ikawaka. Jina: admin. Neno la siri: admin. Ikakataa. Yule wa dukani alikuwa amelibadilisha na hakumwambia mtu. Ikabaki kuirudisha modemu utotoni: kile kitundu cha nyuma, pini ya nywele, unabonyeza na kuhesabu polepole hadi taa zote zizime na kuwaka upya. Baada ya hapo, neno la siri ni lile la kiwandani, lililoandikwa kwenye kibandiko cha chini.

Kibandiko hicho kilikuwa kimepanguswa kwa Omo kila Jumamosi tangu tuinunue. Nyumba yetu ni safi. Tukaipindua modemu, tukaimulika kwa tochi ya simu, ukoo mzima ukainama. Mimi nikaona nane. Mama watoto akaona B. Mtoto wa darasa la tatu akaona picha ya samaki. Kulikuwa na duara ambalo lingeweza kuwa sifuri au O, na mstari uliosimama peke yake, ambao nyumba iligawanyika vyama vitatu juu yake: moja, I kubwa, au L ndogo. Tukawa tunajaribu, modemu inakataa, tunarudi kubishana. Mara jenereta ya avenyu ikazimika. Mji wetu ulikua kwa miaka mingi bila umeme wa serikali, kila mtu na mashine yake au ya jirani, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele. Tukangoja, tukala maparachichi. Umeme uliporudi, mama mkwe akaomba aone. Akavua miwani, akakileta kibandiko kwenye ncha ya pua. "Hii ni L. Ile ni sifuri. Mulisoma wapi, ninyi?"

Ikafunguka.

Orodha ya usalama ni fupi ukiijua: wazi, WEP, WPA, WPA2, na mchanganyiko wa WPA na WPA2 kwa wenye simu za zamani. Kijana akachagua WPA2 na AES, akaandika kode ya herufi nyingi, maana huko kuanzia WPA hairuhusiwi chini ya nane, na mwisho ni 63. AMANI haikutosha. Akahifadhi. Nje, juu ya ukuta, waliokuwa wanangoja wifi irudi wakanyamaza.

Ndani nako hakukuwa shwari. Simu zetu zilikuwa zimeukariri mtandao kwa msuko wa kale, zikawa zinagonga mlango mpya kwa ufunguo wa zamani na kulalamika kwamba kode si sahihi, hata ulipoandika iliyo sahihi. Dawa ni kubonyeza jina la mtandao kwa muda, ukachagua kuusahau, halafu ukaanza upya. Mama mkwe simu ilimwuliza kama anataka kuusahau mtandao. Akaisukuma mezani. "Nisahau namna gani? Ni ya mukwe wangu. Mimi sisahau jamaa." Ilibidi mimi mwenyewe nimpe ruhusa, kwa mdomo, mbele ya mashahidi.

Asubuhi ya Jumatatu walianza kufika. Mmoja alileta maparachichi, na sisi tuna mparachichi. Mwingine alikuja kusalimia mama mkwe, ambaye hakuwa anamjua. Wote waliikuta modemu inaumwa. Lakini aliyetushinda nguvu ni jirani wa kibanda cha fotokopi, nyuma ya ua. Huyo hakuuliza chochote kuhusu wifi. Alikuja kusema printa yake imekufa ghafla jana saa kumi, wateja wamepanga foleni na nakala za vyeti vya kuzaliwa, na je, yule kijana wa informatika bado yupo?

Kijana alikwenda, akarudi amekunja uso. Printa ile ilikuwa kuukuu, haikujua msuko mwingine ila WEP, na kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kuutaja ilikuwa inaishi kwenye mtandao wetu kama mtoto wa nyumba. Jirani hakuona aibu. Aliona tumeihamisha familia bila kuiaga printa. Akapendekeza, kwa upole, turudishe modemu ilivyokuwa, kwa ajili ya printa moja na vyeti vya kuzaliwa vya kartie nzima.

Kurudi WEP mtoto wa dada yangu alikataa katakata, kwa heshima ya masomo yake. Mama watoto ndiye aliyepata ufumbuzi, akiwa na beseni la nguo kiunoni. Printa ina tundu la waya? Inalo. Basi. Waya wa njano ukatoka dirishani, ukapita uani ulikokuwa siku zote, kutoka nguzo ya choo hadi mparachichi, ukaruka ua na kuingia kibandani. Hewa yetu sasa imefungwa kwa AES, Mbelgiji mwenyewe angetoka jasho, na jirani ameunganishwa kwa waya moja kwa moja ndani ya nyumba. Nguo bado zinaanikwa juu yake. Siku za mashuka printa inatulia, siku ya blanketi lililolowa waya unavutika, kichwa kinachomoka kidogo, na sauti inakuja kutoka ng'ambo ya ua: "Mama! Blanketi!"

Ukutani, kuvu imeanza kurudi. Ukifungua simu jioni sasa unaona majina ambayo hayakuwepo, kila moja na kikufuli chake: "Nunua Yako", "Yesu Anaona", na moja, ambalo nadhani ni la vijana waliochangishana, linaitwa "Ukuta Wetu".

Habari zilifika Beni, maana hakuna kitu kinachopita barabara ile ya kilomita hamsini na kitu haraka kama habari. Yaya, dada yangu mkubwa, ana duka karibu na Boulevard Nyamwisi na modemu ndugu ya ile yetu, yenye msuko ule ule na kode ile ile ya herufi tano, maana kijana wa dukani ni mmoja. Akapiga simu: naye anataka WPA2. Barabara siku hizo haikuwa ya kwenda kwa ajili ya modemu, kwa hiyo yule kijana wa informatika alimwongoza kwa simu. Tulimsikia akifanya biashara huku anafanya mageuzi. "Nimeona W. Nimeona P. Sukari ni elfu tatu, mama. Sasa nibonyeze wapi?" Alipoona kitundu akaomba pini kwa mteja. Aliposoma kibandiko, alisoma mara moja, bila kukosea. Kwake hakuna Omo ya Jumamosi. Akachagua AES. Akahifadhi. Akashangilia, na wateja wakashangilia naye.

"Yaya," kijana akauliza, "kode umeweka gani?"

"Ile ilikataa, inataka herufi nane. Nimeweka AMANIBENI. Usijali, sitaisahau, nimeiandika kwenye kartoni kubwa pale mlangoni, watu wasinisumbue."